Sarafu na Mchezaji

Mwaka 2017, nilipokuwa mwalimu kijana mwenye chaki nyingi na subira kidogo, nililetewa wanafunzi watatu asubuhi ya Jumatatu. Walikuwa wameonekana Jumamosi yake sokoni Kanyakine, wakiwa na sare, saa ambayo mwanafunzi hana shughuli sokoni. Wawili walikutwa wamesimama mbele ya mashine ya kamari katika duka moja, zile mashine zenye taa za rangi zilizokuwa zimeenea siku hizo katika masoko yetu ya Meru, wakiitia sarafu za shilingi 20 walizopewa nyumbani kwa ajili ya nauli. Wa tatu alikutwa katika chumba cha pili cha duka lile lile, ambamo mwenye duka alikuwa ameweka televisheni na mchezo wa kandanda wa video, kila mechi kwa shilingi 20.

Sikuwauliza mengi. Kwangu wote watatu walikuwa wamelisha mashine fedha za wazazi, na mashine ni mashine. Niliwapa adhabu moja, wafyeke nyasi nyuma ya bweni. Wale wawili wakaenda zao. Huyu wa tatu alisita kidogo, akaniambia kwa adabu: "Lakini mwalimu, sisi tulikuwa tunacheza. Ile ya wenzangu haichezwi." Nikamwongezea kipande cha kufyeka kwa ujeuri wake.

Leo nafundisha katika chuo cha ualimu, na kila mwaka huwaambia walimu wanafunzi ya kwamba kuhakiki si kukemea wala kusifu. Kuhakiki ni kupambanua: kulitenga jambo hili na lile ambalo kwa macho yafanana nalo, kisha kueleza tofauti yake. Kila nisemapo hivyo hukumbuka nyasi zile nyuma ya bweni. Mvulana yule alipambanua, mimi nikashindwa. Basi katika insha hii nataka kuifanyia mashine ya michezo ya video ya sarafu kazi tunayoifanyia tenzi na riwaya, yaani kuuliza ilitungwa na nani, kwa ajili ya nani, chini ya sharti gani, na kama inastahili muda wa mtu mwenye akili.

Msomaji, pengine hujapata kuiona mashine ninayoizungumzia, kwa kuwa zama zake zimepita na haikupata kufika vijijini kwetu, ambako hata umeme ulichelewa. Ni kabati la mbao lenye kimo cha mtu. Ndani yake mna televisheni, na mbele ya televisheni mna kishikio na vitufe vichache. Chini, usawa wa magoti, pana mlango mdogo wa chuma wenye tundu la kuingizia sarafu. Mashine hizi zilikaa katika mabaa, vituo vya mabasi, na kumbi zilizojaa kelele na vijana, kwanza Marekani na Japani, halafu ulimwenguni kote penye umeme na sarafu.

Mchezo wenyewe ulitangulia sarafu. Mwaka 1962, katika chuo kikuu cha ufundi cha Massachusetts, MIT, kijana Steve Russell pamoja na wenzake waliandika mchezo ulioitwa Spacewar!, ambao ndani yake vyombo viwili vya angani vilipigana huku vikivutwa na nyota iliyo katikati. Waliucheza kwenye kompyuta ambayo bei yake ilipita dola 100,000. Hawakumtoza mtu chochote, wala haikuwapitikia kwamba mchezo wa kitu ghali namna hiyo ungeweza kuuzwa kwa rejareja. Ulikuwa mchezo wa wataalamu, nao uliwapendeza wataalamu.

Miaka tisa baadaye, mwaka 1971, watu wa pande mbili tofauti walijaribu kuutilia tundu la sarafu mchezo huo huo. Bill Pitts na Hugh Tuck waliweka mashine yao, Galaxy Game, katika Chuo Kikuu cha Stanford, wakatoza senti 10 kwa mchezo. Wanafunzi walipanga foleni. Lakini ndani ya mashine mlikuwa na kompyuta nzima, na kompyuta nzima hailipwi kwa senti 10. Wa upande wa pili walikuwa Nolan Bushnell na Ted Dabney. Wao waliiacha kompyuta kabisa, wakaunda saketi za umeme za kuchora nyota na vyombo kwenye televisheni ya kawaida. Mashine yao, Computer Space, iliuzwa na kampuni ya Nutting Associates, nayo ndiyo mchezo wa kwanza wa video wa sarafu kuuzwa kibiashara. Umbo lake lilikuwa zuri la kuvutia macho, lakini haukupendwa sana. Mnywaji aliyeukaribia alikuta vitufe vya kugeuza chombo kushoto na kulia, cha kukisukuma mbele na cha kupiga risasi, pamoja na maelezo ya kusoma kwanza. Mtu aliye baa hakwenda huko kusoma. Hapo ndipo sarafu ilipotoa somo lake la kwanza kwa watunzi hawa: mchezaji wako hakukujia kwa kuwa ni mtaalamu, alikuwa akipita tu, na una nukta chache za kumsimamisha.

Bushnell na Dabney wakaanzisha kampuni yao, Atari, mwaka 1972, wakamwajiri mhandisi kijana aitwaye Allan Alcorn. Bushnell alimpa zoezi la kujifunzia: atengeneze mchezo wa mpira wa meza wenye mipini miwili na nukta moja. Ili asilichukulie zoezi kwa mzaha, alimwambia ya kwamba kazi hiyo imeagizwa na kampuni kubwa ya General Electric. Habari hiyo haikuwa na ukweli wowote. (Sisi walimu tumepata kutumia hila za namna hiyo, na si mara zote tumeombana radhi.) Wala wazo lenyewe halikuwa lake peke yake. Mwezi wa Mei mwaka huo Bushnell alikuwa ameuona mpira wa meza katika chombo cha nyumbani cha Magnavox, kilichotokana na kazi ya Ralph Baer. Magnavox walishtaki mwaka 1974, na Atari wakapatana nao mwaka 1976. Nayasema haya kwa sababu vijana wengi husimuliwa historia ya uvumbuzi kana kwamba kila kitu kilimshukia mtu mmoja usiku mmoja.

Hata hivyo, alichokifanya Alcorn katika zoezi lile kinastahili kuangaliwa polepole, maana ndipo utunzi ulipo. Angeweza kuufanya mpira urudi kwa pembe moja daima, na mchezo ungekuwa hai lakini mjinga. Yeye aliugawanya mpini katika sehemu nane, ili mpira urudi kwa pembe tofauti kulingana na mahali ulipogonga. Aliufanya mpira uongeze mwendo kadiri unavyozidi kurudishwa. Tena kulikuwa na kasoro: kwa sababu ya saketi, mipini haikuweza kufika juu kabisa ya skrini, na mpira uliopita katika mwanya ule haukuzuilika. Mhandisi mwema hurekebisha kasoro. Alcorn aliiacha kwa makusudi, kwa kuwa bila mwanya ule mafundi wawili wangeweza kurudishiana mpira hadi baa ifungwe.

Mchezo huo uliitwa Pong. Mashine ya kwanza iliwekwa katika baa ya Andy Capp's Tavern, mjini Sunnyvale, California, kila mchezo kwa robo dola. Baada ya siku chache Alcorn aliitwa kwamba mashine imeharibika. Alipoifungua aliona ya kuwa haijaharibika hata kidogo. Chombo cha kupokelea sarafu kilikuwa kimejaa hadi sarafu zimefurika na kuizuia. Maelezo yake kwa mchezaji yalitosha mstari mmoja, ya kwamba asiukose mpira apate alama nyingi. Na mchezo haukuchezeka na mtu mmoja. Aliyetaka kucheza alihitaji mwenziwe, naye aghalabu alikuwa mtu asiyemjua, aliyesimama karibu na glasi mkononi. Katika hilo Pong una udugu na bao letu kuliko na michezo mingi iliyoufuata, maana bao nalo halina maana bila mtu wa upande wa pili wa ubao, na bila wale watazamaji ambao hushauri bila kuombwa.

Sasa niseme neno ambalo insha hii imekusudiwa kulisema. Katika michezo hii sarafu haikuwa ada ya mlangoni tu. Sarafu ilikuwa mtunzi wa pili. Atungaye shairi la tarbia hufungwa na mizani minane katika kila kipande, pamoja na vina vya kati na vya mwisho. Maneno mazuri yasiyoenea katika mizani hana budi kuyaacha, na mara nyingi katika kutafuta neno litakaloenea hupata zuri kuliko lile la kwanza. Mtunzi wa mchezo wa sarafu alifungwa vivyo hivyo na kifungo cha namna nyingine. Mwenye baa alitaka mashine iwe wazi baada ya dakika mbili au tatu, apate sarafu nyingine. Mchezaji alitaka robo dola yake isiliwe bure. Basi ilipasa mchezo umshinde mgeni upesi, lakini umshinde kwa namna ambayo ataona wazi alipokosea, ajilaumu mwenyewe badala ya kuilaumu mashine, na aamini kwamba mara ya pili atafika mbali zaidi. Na ilipasa imani hiyo iwe kweli. Kama si kweli, watu wangeitambua hila ile na kuiacha mashine ikiwaka taa peke yake.

Mfano mzuri kupita yote, kwa maoni yangu, ni Space Invaders, uliotungwa na Mjapani Tomohiro Nishikado na kutolewa na kampuni ya Taito mwaka 1978. Wavamizi 55, safu tano za kumi na mmoja, hushuka kutoka juu ya skrini wakienda kushoto na kulia. Mchezaji yuko chini na mzinga mmoja nyuma ya ngome nne zinazomomonyoka. Mwanzoni wavamizi huenda polepole kama ng'ombe wanaorudi zizini. Kila anayeuawa huwafanya waliosalia waende mbio zaidi, mpaka yule wa mwisho hukimbia kama aliyechomwa na moto. Chini yake mna sauti nne nzito zinazojirudia, nazo huharakishwa pamoja na mwendo, kama moyo wa mtu aliyetishika.

Uzuri huo nao ulitokana na udhaifu. Kompyuta ndogo iliyomo haikuwa na nguvu ya kuwasogeza wavamizi wote 55 kwa wakati mmoja. Ilimsogeza mmoja baada ya mmoja. Wakipungua, zamu ya kila mmoja hurudi upesi zaidi. Nishikado aliona ya kwamba udhaifu huu unaleta kile ambacho mtunzi yeyote wa hadithi hukitafuta: hatari inayozidi kadiri ushindi unavyokaribia. Akauacha. Wanafunzi wangu hupenda kuuliza kama uzuri uliopatikana kwa bahati wahesabiwa kuwa kazi ya mtunzi. Mimi hujibu kwamba bahati humtembelea kila mtu, lakini aliyeitambua na kuikaribisha ndiye mtunzi.

Kuna kisa kinachosimuliwa sana, hata vitabuni, ya kwamba mchezo huu uliifanya Japani ipungukiwe na sarafu za yen 100. Kinapendeza kusimulia. Walakini waliozikagua habari za sarafu za Japani za miaka ile hawakuona ushahidi wa kukithibitisha, na mwanafunzi mwangalifu asikiandike katika mtihani wake.

Mwaka uliofuata, 1979, mchezo wa Asteroids wa Atari uliwaruhusu walioshinda kuandika herufi tatu za majina yao kwenye orodha ya alama kubwa. Jambo dogo, lakini lilibadili hadhira ya mchezo. Sasa kijana hakushindana na mashine tu, bali na herufi tatu za mtu asiyemwona, aliyesimama pale pale jana yake. Na umeme ukikatika majina yote yalifutika, hata ya bingwa wa mtaa. Ulimwengu huo sisi wa huku tusiouona tungeuelewa mara moja.

Halafu ulikuja Pac-Man, wa Toru Iwatani na kampuni ya Namco, mwaka 1980. Iwatani aliona ya kuwa kumbi za michezo zimejaa wavulana na vita, akataka mchezo ambao wasichana nao wataupenda. Akatunga mchezo wa kula. Kiumbe wa mviringo, wa manjano, hupita katika vichochoro akila nukta, akikimbizwa na mizimu minne. Uhodari wa Iwatani ni kwamba mizimu hiyo haifanani kwa tabia: mmoja hukufuata nyuma moja kwa moja, mwingine hulenga mahali utakapokuwa mbele yako, na kadhalika. Ni wahusika, kwa maana ile ile tunayoitumia tunapozungumza juu ya tamthilia, ijapokuwa hawasemi neno. Na kwa kuwa tabia zao hazibadiliki, mchezaji aliyezichunguza kwa bidii aliweza kukariri njia za kupita salama, akacheza muda mrefu sana kwa sarafu moja. Waliofika kiwango cha 256 walikuta nusu ya skrini imevurugika, maana hesabu ya viwango ndani ya mashine iliishia hapo. Watunzi hawakuwa wamedhani kuna mtu atakayefika.

Hapo ndipo ulipofichuka ugomvi uliokuwamo ndani ya mashine tangu mwanzo. Mchezaji akijifunza, mwenye mashine hupata hasara. Doug Macrae na Kevin Curran, vijana wa chuo kile kile cha MIT, walikuwa na mashine zao chuoni, wakaona mapato yakipungua kwa sababu wanafunzi wameuzoea mchezo wa Missile Command. Mwaka 1981 walitengeneza saketi ya kuongezwa ndani ya mashine ili mchezo uwe mgumu na mpya tena, wakawauzia wenye mashine wengine. Atari waliwashtaki, kisha wakaona heri kuwapa kazi. Kiongezo kingine walichokitengeneza vijana hao, cha kuugeuza Pac-Man, ndicho kilichokuwa Ms. Pac-Man, mchezo ambao wengi huuona bora kuliko ule wa asili, kwa kuwa mizimu yake haikaririki kwa urahisi. Kwa hiyo hata tamaa ya mwenye mashine iliweza, kwa njia ya mzunguko, kuzaa kazi njema, maadamu ilibaki ndani ya sharti lile la kwanza: ajifunzaye apate faida ya kujifunza kwake.

Siku sharti hilo lilipoanza kulegezwa, mchezo ulianza kuharibika. Mwaka 1985 Atari walitoa Gauntlet, mchezo wa watu wanne kwa pamoja, wenye sifa nyingi ambazo sizikanushi. Lakini ndani yake afya ya mchezaji hupungua kila nukta ipitayo, hata kama hajaguswa na adui, na dawa iliyo karibu ni kutia sarafu nyingine. Msomaji, angalia tofauti. Katika Space Invaders sarafu hununua nafasi ya kujaribu tena tangu mwanzo, tajiri na maskini wakianzia mahali pamoja. Katika Gauntlet sarafu hununua uhai wenyewe katikati ya safari. Aliye na mfuko mzito hufika mbali kuliko aliye na mkono mwepesi. Michezo mingi ya simu ya siku hizi, inayokuuzia maisha mapya kwa fedha, ni wajukuu wa wazo hilo, na ukiichezea waweza kujipimia mwenyewe ni kiasi gani cha ushindi wako ulichojifunza na ni kiasi gani ulichokilipia.

Sasa nirudi kwa wale wavulana wawili na mashine yao, maana nayo ilikuwa na kabati, taa, kitufe na tundu la sarafu, na kwa mwalimu aliyepita mlangoni ilikuwa ndugu ya zile nilizozieleza.

Si mimi wa kwanza kukosea. Mwaka 1942 Meya Fiorello La Guardia aliipiga marufuku mjini New York michezo ya meza ya gololi, ile ambayo gololi ya chuma husukumwa kwa springi ikateremka katikati ya vigingi. Maelfu ya mashine zilikusanywa, nyingine zikavunjwa kwa nyundo mbele ya wapiga picha. Watu wa leo humcheka meya huyo, nami sioni haki ya kumcheka. Mwaka 1942 mchezaji alisukuma gololi, kisha akabaki mtazamaji. Kwa kiasi kikubwa ilikuwa kamari. Ni mwaka 1947 ndipo mchezo huo ulipopata yale makasia madogo ya kuirudisha gololi juu, na kuanzia hapo mkono wa mchezaji ukawa na neno. Sheria haikuangalia makasia. Iliendelea hadi mwaka 1976, mwandishi kijana Roger Sharpe alipocheza mbele ya wajumbe wa baraza la mji, akataja mapema gololi itapita wapi, nayo ikapita papo hapo. Marufuku ikaondolewa. Baadaye Sharpe mwenyewe alikiri ya kwamba pigo lile lilisaidiwa na bahati, na kwa ukweli huo nazidi kumpenda.

Serikali nyingine hazikungoja ushahidi. Mwaka 1981 Rais Ferdinand Marcos aliipiga marufuku michezo ya video katika Ufilipino, na mwaka huo huo mbunge George Foulkes aliliomba Bunge la Uingereza lipitishe sheria ya kuidhibiti, akashindwa kwa kura 94 dhidi ya 114. Kwetu Kenya, Sheria ya Kamari, Bahati Nasibu na Michezo ilipitishwa mwaka 1966, miaka mitano kabla ya Computer Space. Mashine za kamari zilipojaa madukani nusu karne baadaye, nyingi ziliwekwa bila kibali, na mwaka 2018 serikali iliendesha msako, ikazikamata na kuziteketeza nyingine hadharani kwa moto. Wazazi wengi walishangilia, nami nilikuwa miongoni mwao.

Hebu tuifungue mashine ya kamari kama Alcorn alivyoifungua ile ya Sunnyvale. Ndani yake kuna kifaa kinachochagua namba kwa kubahatisha. Ukibonyeza kitufe, namba imekwisha kuchaguliwa, na picha zinazozunguka baada ya hapo ni sherehe tu ya jambo lililoamuliwa. Haina kumbukumbu ya sarafu zilizotangulia. Vijana husema mashine iliyomeza sana "imeshiba" na karibu "itatapika"; hiyo ni imani, si hesabu. Hesabu ni hii. Tuseme imepangwa kurudisha shilingi 80 katika kila 100. Mwenye shilingi 100 anayezitia zote, kisha akatia tena zote alizorudishiwa, hubaki kwa wastani na 80, halafu 64, halafu 51, halafu 41, na katika mzunguko wa tano 33. Mtu aliyeicheza miaka kumi na mtu aliyeigusa leo wana wastani ule ule. Hakuna mwanya wa Pong wa kuulenga, hakuna tabia ya mzimu ya kuichunguza, hakuna herufi tatu za kuandika, kwa kuwa hakuna jambo lililofanywa na mtu. Watanzania wameipa jina linalofaa, mchezo wa kubahatisha, ijapokuwa ningependa neno "mchezo" liondolewe humo.

Kwa hiyo kipimo nipendacho kuwapa vijana si taa wala tundu la sarafu, wala si kama mzee amekasirika. Ni swali moja: je, aliyefanya zoezi mwezi mzima atamshinda aliyeanza leo? Kwa michezo ya sarafu ya miaka ile jibu ni ndiyo. Siisemi kuwa takatifu. Iliwamaliza watoto fedha za chakula cha mchana, ilipenda risasi kuliko fikira, na mingi iliyofuata Pac-Man ilikuwa nakala dhaifu za kazi za wengine. Lakini ilimheshimu mchezaji kwa kumwezesha kushinda.

Mwaka jana nilipita Kanyakine siku ya soko, nikaingia katika chumba kimoja cha michezo. Hakukuwa na tundu la sarafu. Fedha hutumwa kwa simu kwa mwenye chumba. Vijana wawili waliketi kwenye benchi mbele ya televisheni, bega kwa bega, na nyuma yao watano wakishauri bila kuombwa, kama wazee kwenye bao. Desturi ya mahali pale ni kwamba anayefungwa ndiye hulipa. Waliponiona walinyamaza, wakidhani nimekuja kuwatoa. Nikawaomba nafasi. Kijana mmoja akanisogezea kishikio, akanionyesha kwa upole, "Mwalimu, hiki ni cha kupiga pasi, hiki ni cha kupiga shuti." Nilifungwa mabao sita kwa bila. Bao la nne nililielewa lilivyoingia: nilikuwa nimemvuta beki wangu mbele mno. Nikalipa, nikaomba mechi ya pili.